Wolai hawagusi chambo mwishoni mwa msimu: panapokwama na ufanyeje (Ziwa Mille Lacs na majirani zake)

Ndugu zangu mnaokaa Minnesota na majimbo ya jirani, kila mwaka ikifika katikati ya Oktoba simu yangu haipumziki, mtu kaenda ziwani kapigwa na baridi masaa sita karudi mikono mitupu, swali lake la kwanza ninunue chambo cha rangi gani. Mi namjibu kwa swali: ulikuwa ziwani saa ngapi, na boti ilikuwa inaenda mwendo gani? Manake kwa miaka niliyovua huku nimeona rangi inasingiziwa mno, wakati shida yenyewe ipo kwenye saa, kina na mwendo. Maji yamepoa na samaki kapoa nayo, halafu jicho lake limeumbwa kwa giza. Ukiyashika hayo mawili basi karibu kila tatizo hapa chini utaona limetokea wapi.

Kwa ambaye hajamjua, wolai (kisayansi Sander vitreus) ndo samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Mwili mrefu, rangi ya dhahabu imechanganyika na kijani, meno makali, ncha ya chini ya mkia ni nyeupe, na ukimmulika tochi usiku jicho linawaka kama la paka. Nimekulia Mwanza, sangara nimekula toka nina meno mawili, na bado nawaambia nyama ya huyu ni tamu zaidi. Ziwa ninalolisemea hasa ni Mille Lacs, karibu maili 100 kaskazini mwa Minneapolis, ekari kama 132,000, ni duara kubwa lililo wazi kwa upepo, na pamoja na ukubwa wote huo kina chake kinaishia futi 40 na ushee tu. Hicho kina kifupi kikumbuke, kitarudi.

Jambo la kutangulia kabla hata ya kupakia boti: leseni kwa kila mwenye miaka 16 kwenda juu, na sheria za Mille Lacs zisome upya kila msimu hata kama mwaka jana ulizijua kwa kichwa. Idadi unayoruhusiwa, urefu wa samaki, hata masaa ya usiku, vinabadilika, kwa sababu samaki wa ziwa hili wanagawanywa kwa hesabu kati ya jimbo na makabila nane ya Waojibwe, wenyeji asilia wa huku, ambao haki yao ya kuvua imo kwenye mkataba wa 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Na kwenye maji ya wazi ni rodi moja kwa mtu mmoja. Nimeona watu wetu wanapigwa faini kwa hili la rodi, mtu anajua barafuni ni mbili akadhani ni mbili mwaka mzima.

Mchana kutwa hamna hata mguso, jua likizama boti za pembeni zinavuta

Hili ndo tatizo namba moja na wengi hawataki kulikubali kwa sababu dawa yake ni kukaa kwenye baridi usiku.

Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka au fisi, kwaiyo mwanga kidogo sana unamtosha kuona kidagaa ambacho chenyewe hakimuoni. Giza ndo silaha yake. Mchana wa jua kali na maji yametulia silaha hiyo haina kazi, anashuka chini anatulia. Sasa Mille Lacs limezidi kwa sababu mwaka 2005 walionekana humo wale kome wadogo wenye mistari kama pundamilia, wageni kutoka kwenye maji ya Ulaya mashariki, na kazi yao ni kuchuja maji usiku na mchana. Maji yamekuwa meupe kuliko zamani, mwanga unapenya chini zaidi. Wazee wanaokwambia wao walikuwa wanavua mchana kweupe futi 10 hawakudanganyi, walivua kwenye ziwa lenye maji mengine.

Kwaiyo dalili ikiwa ni hii, yaani jua, maji kimya, mawe unayaona chini kabisa, usibadilishe chambo, badilisha saa. Nusu saa ya mwisho ya mwanga na masaa mawili ya kwanza ya giza ndo chakula chake. Uzuri wa Novemba ni kwamba saa zikisharudishwa nyuma jua linazama kabla ya saa 11 jioni, mtu ukitoka shifti ya asubuhi saa 9 na boti umeshaiacha tayari nyuma ya gari unaingia majini giza ndo linashuka. Hiyo nafasi hata Julai huipati.

Kama lazima uvue mchana basi subiri siku ya mawingu na upepo wa wastani. Vimawimbi vinavunja mwanga kabla haujafika chini, na samaki anapata ujasiri. Jua likiwa wazi nenda kwenye kina, kingo za vilima vya tope vilivyo chini ya maji upande wa kaskazini wa ziwa, ambavyo juu ni futi 20 na kitu afu pembeni vinateremka kuvuka 30.

Na mwezi je? Kwetu Ziwa Viktoria mwezi mkubwa ukitoka wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa zao zinakosa nguvu na dagaa hawakusanyiki, kwaiyo nilivyokuja huku nikakuta watu wanahesabu siku za kalenda wakisubiri mbalamwezi ya Oktoba na Novemba nilishangaa sana. Kumbe wolai ule mwanga mdogo unamtosha kabisa kuwinda mpaka usiku wa manane. Mi naupenda usiku wa mbalamwezi, ila usiache kwenda kwa sababu mwezi haupo, usiku wa giza nene nimepata pia, na sana ni yale masaa mawili ya kwanza.

Palipokupa samaki Septemba pamekauka kabisa

Utasikia jibu moja tu kwa kila mtu: ziwa limegeuka. Jibu hilo lina ukweli ila siyo kwa kila ziwa.

Maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika digrii 4 za Selsiasi, karibu 39 za Farenhaiti. Kwenye ziwa lenye kina kirefu, kiangazi chote maji ya moto yanakaa juu, ya baridi chini, katikati kuna mpaka ambao hata sona (kile kioo cha botini kinachoonyesha samaki na chini ya ziwa kwa mawimbi ya sauti) inauonyesha kama mstari wa ukungu. Vuli hii ya huku (vuli ya majani kupukutika, siyo ile ya mvua zetu) maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na upepo ukija unachanganya yote kuanzia juu mpaka chini. Dalili zake: maji yanabadilika rangi ghafla, uchafu na majani yaliyooza yanaelea katikati ya ziwa, harufu kama ya yai viza, na joto ukilipima juu na chini ni lile lile. Siku hizo samaki wanatawanyika, popote panawafaa, na wiki moja hivi inakuwa ngumu. Ukiwa Leech Lake kwenye ghuba ya Walker ambayo kina chake kinazidi futi 100 basi kweli inaweza kuwa ndo sababu, na dawa ni kuhamia ghuba zenye kina kifupi za ziwa hilohilo, au ziwa lingine, mpaka maji yatulie.

Mille Lacs lakini ni sahani. Upepo unalikoroga kiangazi chote, mpaka wa maji ya moto na baridi haupati muda wa kusimama vizuri. Kwaiyo mtu akikwambia Mille Lacs limegeuka ndo maana hapati samaki, mpe pole ila usimfuate, sababu iko kwingine.

Sababu yenyewe mara nyingi ni chakula kimehama. Majani ya chini ya maji yanakufa, vidagaa waliokuwa wamejificha humo wanatoka, na wolai anatoka nao. Jaribu kukokota ndoana upande wa ndani wa ghuba: majani yakija ya kahawia yananata kama kamasi, ondoka, pamekufa. Yakija ya kijani yanakatika kwa mlio, hapo bado pana uhai, vua ukingo wake.

Afu kuna sisko. Huyu ni samaki wa mafuta, mweupe kama fedha, anaishi kwenye maji baridi ya kina na ndo mlo mnono wa wolai wakubwa. Maji yakishuka karibu na digrii 40 za Farenhaiti, mara nyingi Novemba, sisko wanapanda kutaga kwenye mawe na changarawe pembezoni, usiku, kwenye maji ambayo ungeweza kusimama ukagusa chini. Wolai wakubwa wanawafuata. Hapo ndo unakuta mtu kang'ang'ania futi 30 kwa sababu amesoma kwamba baridi inapeleka samaki chini, na mama wa wolai mwenye mayai yanayokua tumboni yuko kwenye kina cha futi 7 nyuma yake anakula. Jioni zima injini usikilize, ukisikia mchapo mchapo wa samaki wengi juu ya maji karibu na mawe usiende kokote.

Ukiwa Lake of the Woods kule mpakani na Kanada hesabu ni nyingine tena: vuli kundi kubwa la vidagaa wanaoitwa shaina wanasogea kuelekea mdomo wa mto Rainy, wolai nyuma yao, na watu wanatia nanga tu wanashusha jigi (ndoana yenye kichwa kizito cha risasi) yenye shaina wa kugandisha. Kule hamna haja ya kuzunguka sana.

Kwenye sona wapo, ila hawagusi

Kwanza hakikisha ni wao. Kundi linaloelea katikati ya maji kama wingu mara nyingi ni sisko, na ukining'iniza chambo humo utakaa mpaka kesho. Wolai wa kuvuliwa mchana analala karibu kabisa na chini, anaonekana kama uvimbe mdogo juu ya mstari wa tope. Na pale mteremko ulipo mkali usiamini kioo kisichoonyesha kitu, mwale wa sona unasambaa kama koni, unapiga kwanza sehemu ya juu ya mteremko, na samaki aliyelala chini kidogo anafichika kwenye kivuli hicho. Mteremko mkali nauvua hata nikiona patupu.

Ukishajua ni wolai na bado hagusi, angalia mshipi wako unavyoingia majini. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukisimama wima karibu na boti, chambo kipo mbele ya samaki. Ukilala nyuzi 45 nyuma ya boti, upepo umekuzidi, jigi imeinuka futi kadhaa juu ya samaki na inapita mbio. Agosti angeifukuza, maji ya digrii 45 za Farenhaiti hafanyi hivyo, mwili wake umepunguza kasi, chakula anakihitaji ila hakikimbilii. Watu watatu kati ya wanne niliopanda nao boti shida yao ilikuwa hapa. Kila sekunde chache shusha mpaka uguse chini, ukisikia tuk, inua shibiri moja, tulia. Usipoisikia tuk hujui upo wapi.

Dawa ya upepo ni mbili. Ongeza uzito: kutoka jigi ya wakia 1/8 uliyotumia masika nenda 1/4, na upepo ukikaza 3/8, usiogope kwamba kubwa itamtisha, bora nzito iliyo chini kuliko nyepesi inayopepea. Ya pili punguza mwendo wa boti: ule mfuko wa turubai unaoburutwa majini, au mota ya umeme ya mbele yenye kushikilia sehemu kwa setilaiti, ukiwa nayo tulia juu ya samaki dakika kumi kabla hujahama.

Na kurukaruka kwa jigi punguza. Mtu anaichezesha kama anapiga ngoma. Shikilia rodi kimya, kimya kweli, mtetemo wa mkono wako wenye baridi unatosha kuitikisa. Mara nyingi samaki anachukua pale ulipoacha.

Ukiwa umefanya yote hayo na bado, hapo sasa badilisha chambo, na mi ningebadilisha ukubwa kabla ya rangi. Mwisho wa msimu vidagaa wa ziwani wamekua tayari, kwaiyo chambo cha inchi 2 kinaonekana kama punje, weka cha inchi 4 hadi 6 kwenye mshipi wenye chubwi inayoteleza, mwendo wa konokono.

Anagusa, ukivuta hamna kitu

Angalia kidagaa kilichorudi. Kikiwa na mikwaruzo karibu na mkia tu na kichwa kizima, amekishika nyuma, ndoana haikufika mdomoni. Weka ndoana ya pili ndogo, ile ya pande tatu, kwa uzi mfupi kutoka kwenye jigi kwenda mkiani. Kikiwa kimepondwa katikati, alikuwa nacho chote na wewe ulivuta mapema. Kikiwa kimechanwa ovyo vipande vipande basi usijilaumu, hao ni samaki wadogo wa njano waitwao pachi wanadonoa, sogea.

Kwenye mshipi wa chubwi inayoteleza, chambo kikiwa kikubwa mpe muda. Fungua rili uzi utoke bila kumpinga, hesabu mpaka 20, wengine wanaenda 30 na zaidi, afu kusanya ulegevu polepole mpaka usikie uzito wake ndo uvute kwa mkono mrefu, siyo kwa kushtua. Kwenye jigi usisubiri hivyo, ukisikia uzito umeongezeka kama umenasa sponji lowana, inua. Mguso wa maji baridi haugongi, unalemea tu, na glavu nene inauficha kabisa, ndo maana mkono wa rodi mi navaa glavu iliyokatwa vidole na kiganja nakitia mfukoni kila nikipata nafasi.

Unaburuta chambo bandia usiku, masaa mawili kimya

Uvuvi huu ndo naupenda kuliko wote, boti inatembea taratibu sambamba na ufukwe wa mawe kwenye futi 6 mpaka 12, nyuma unaburuta samaki bandia mrefu mwembamba. Ukiwa kimya muda mrefu kagua kwa mpangilio huu.

Ncha ya rodi inatetemeka? Chambo bandia kinachoogelea sawasawa kinatikisa ncha mfululizo, unasikia mkononi kama moyo wa kuku. Mtetemo ukikata kuna jani limenasa. Vuli majani yamejaa kila mahali, na ukiburuta jani nusu saa hiyo ni nusu saa uliyoigawa bure. Usiku usione uvivu, vuta kagua kila unapokuwa na wasiwasi.

Mwendo? Maili 1 hadi 1.5 kwa saa. Wengi wanaenda 2.5 kwa mazoea ya kiangazi. Kama hujui samaki wa leo anataka nini tembea kwa kupindapinda kama nyoka, manake kwenye kona chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na cha nje kinaongeza, kwaiyo angalia ni rodi ya nani imeguswa, hapo ziwa limekujibu swali la mwendo.

Kina? Chambo kiguse jiwe mara mojamoja. Kisipogusa kabisa kiko juu mno, kikigonga muda wote fupisha uzi kabla hujaacha nusu ya boksi lako chini. Na taa: usimulike maji. Tochi ya kichwani iwe ya kuangalia fundo tu, elekeza ndani ya boti, maji ya futi 6 yanapita kelele na mwanga vyote. Taa za boti za kisheria lakini ziwake, hapo hamna mjadala.

Mshipi unakatika

Chukua ncha iliyorudi uiangalie kwenye mwanga. Imekatwa safi kama na wembe na ulisikia mvuto mkali ghafla: ni paiki, samaki mrefu mwenye mdomo wa bata na meno kila kona. Ukiwa unapoteza wengi weka kipande kifupi cha waya mwembamba, ila wolai wanagusa kidogo zaidi bila waya, kwaiyo mi naweka pale tu nikishapoteza wawili. Ncha ikiwa imechakaa, ina manyoya, umepitisha juu ya wale kome kwenye mawe, maganda yao ni makali. Pitisha vidole kwenye futi tatu za mwisho kila baada ya kugusa mwamba, ukisikia ukwaru kata funga upya. Flurokaboni (aina ya uzi wa plastiki) inavumilia mkwaruzo kuliko uzi wa kusokotwa, ndo maana kipande cha mwisho tunaweka flurokaboni. Ncha ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limefunguka, ulilikaza likiwa kavu na vidole vimekufa ganzi. Lilowanishe, kaza polepole.

Barafu kwenye rodi, betri na injini

Chini ya digrii 32 za Farenhaiti kila tone linaganda kwenye pete za rodi. Uzi wa kusokotwa unabeba maji mengi, nailoni ya kawaida kidogo, kwaiyo usiku wa baridi sana watu wengi wanarudi kwenye nailoni. Zisigonge pete kuvunja barafu, utang'oa kile kijipete cha ndani. Zamisha ncha majini, maji ya ziwa yana joto kuliko hewa, inayeyuka yenyewe.

Betri inapoteza nguvu kwenye baridi, ijae kabla hujaondoka nyumbani. Injini ikiwaka angalia ule mkondo mdogo wa maji unaotoka ubavuni, usipotoka zima haraka, mara nyingi ni barafu iliyoziba tangu safari iliyopita. Ukitoa boti majini shusha injini isimame wima dakika chache maji yote yatoke, maji yaliyobaki ndani yakiganda yanapasua chuma.

Vidagaa wanakufa njiani

Mara nyingi ni mshtuko wa joto, umewatoa kwenye ndoo ya gereji yenye joto ukawamwaga kwenye maji ya barafu. Wapoze taratibu. Wakati wa kuondoka ziwani sheria ya Minnesota inakataza kusafirisha maji ya ziwa, kizibo cha boti kitolewe, na ukitaka kubaki na chambo hai maji yao yabadilishe kwa maji ya bomba au ya chemchemi uliyokuja nayo. Wale kome wa pundamilia watoto wao hawaonekani kwa macho, ndoo moja inatosha kuharibu ziwa lingine.

Umemwachia samaki, anaelea ubavu

Hili linaniuma. Wolai hana njia ya kutoa hewa haraka kwenye kibofu chake, ukimvuta kutoka futi 30 kwenda chini kibofu kinavimba, tumbo linajaa, macho yanatokeza, anashindwa kurudi chini. Utaona anaogelea kidogo ukadhani amepona, mbele anaibuka tumbo juu na shakwe wanamngoja. Usimtoboe na sindano, ukikosea sentimita moja umemuua mwenyewe. Maji baridi yanasaidia, samaki aliyeachiwa Novemba ana nafasi nzuri kuliko wa Julai, lakini kina hakisameheki kwa baridi. Kwaiyo ikiwa sheria ya mwaka huo inakutaka uwaachie wengi, usivue futi 32 hata kama wamejaa. Nenda futi 10 usiku. Na kwenye baridi kali usimweke nje kwa ajili ya picha nyingi, mashavu na macho yake yanaganda haraka, mtoe ndoana akiwa bado majini.

Wewe mwenyewe

Laifujaketi ivae, isikae chini ya kiti. Maji ya digrii 40 za Farenhaiti yana hesabu inayofundishwa huku ya moja, kumi, moja: dakika moja ya kuhema ovyo ambayo ukiingiza maji mdomoni unazama hapohapo, dakika kama kumi ambazo mikono bado inakutii, na karibu saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Sisi wa ziwani kwetu tumezoea kwamba anayejua kuogelea amepona, huku kuogelea kunakusaidia hizo dakika kumi tu, baada ya hapo ni jaketi. Na Mille Lacs kwa ufupi wa kina chake linainua mawimbi mafupi yaliyobanana, upepo wa maili 20 kwa saa boti ya futi 16 haina kazi ya kufanya humo. Upepo ukitoka upande uliopo na ufukwe uko nyuma yako unaona maji yametulia, unadanganyika, katikati ni kwingine kabisa. Mwambie mtu nyumbani unaingilia rampu gani (mteremko wa kushushia boti) na unatoka saa ngapi.

Rampu yenyewe: Novemba magati yameshaondolewa, unahitaji buti ndefu za mpira, na kila trela linalotoka linamwaga maji yanayoganda kwenye zege. Nimeona gari likirudi nyuma polepole lenyewe, breki zimekanyagwa mpaka mwisho, matairi ya nyuma yakaingia ziwani na dereva yuko ndani. Beba ndoo ya mchanga, mwaga chini ya matairi kabla hujashusha trela, siyo baada ya kuanza kuteleza. Na asubuhi ukikuta ghuba imeshika ganda la barafu, hata kama ni jembamba kama kioo cha dirisha, usilivunje na boti, linakata kama msumeno. Rudisha trela nyumbani.